Nataka kurekodi wazee waliopigana Vita vya Kagera, ila maisha yao BAADA ya vita. Naanzia wapi?

mpigapicha_ngamiani

Habari za mchana wadau, wakubwa shkamooni.

Mi niko Tanga mjini, Ngamiani, kazi yangu picha na video za harusi, sendofu, maulidi, mahafali, vitu hivyo. Kamera ninayo moja ya Canon, ya kizamani kidogo ila bado inapiga vizuri, lenzi mbili, simu, na laptop ambayo ikiamua kuganda imeganda. Sasa kuna kitu kinanisumbua muda mrefu.

Huku mtaani kwetu kuna wazee kadhaa walioenda Kagera 78, mmoja ni babu yangu mzaa mama. Yeye hakuwa mwanajeshi wa kuajiriwa, alikuwa mgambo, akachukuliwa kama walivyochukuliwa wengi tu, akaenda mpaka Uganda akarudi. Tangu nakua stori yake ni ileile, inaanzia daraja la Kyaka, inapita Masaka, inafika Kampala tarehe 11 Aprili 1979, nduli Idi Amin kakimbia, basi imeisha. Ukimuuliza ikawaje baada ya hapo anakwambia "tukarudi nyumbani" halafu anaomba maji ya kunywa. Na mi ndo hapo hasa napataka. Alirudije, alimkuta nani, kazi alipataje, maana najua alikuja kuwa mlinzi kiwanda cha mbolea mpaka kilipofungwa, halafu akauza madafu, halafu ndo huyu tunayemjua anakaa barazani na redio yake. Hiyo miaka yote ya katikati haipo popote, hata mama hana la kusema zaidi ya kwamba baba alikuwa mkali.

Maswali yangu sasa: hawa wazee unawalipa au huwalipi? Kibali naombea wapi? Picha za zamani natoa wapi maana nyumbani ipo moja tu ya studio kavaa kombati? Na kubwa zaidi, unamuulizaje mtu mambo haya bila kumtonesha? Naomba mawazo, matusi wekeni akiba.

Mzee_wa_Facts

Kagera tena? Kila ikifika Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai tunaoneshwa mizinga na wazee wenye medali, imetosha bwana. Piga video za harusi upate hela.

dada_editi

@Mzee_wa_Facts lakini si ndo hicho anachosema mwenzio, kwamba mizinga imeoneshwa na kilichofuata hakijaoneshwa. Soma kwanza ndo ujibu.

Mdogo wangu wa Ngamiani, mi naediti dokumentari hapa Dar, nimeziona nyingi za "baada ya vita" zikifika mezani kwangu zimekufa tayari, na sababu karibu kila mara ni moja: mpigaji alikwenda kutafuta vita. Anamkalisha mzee kwenye kiti cha plastiki, ukuta nyuma, anamuuliza "mzee tuelezee mapambano yalikuwaje", na mzee anatoa ileile aliyoizoea kuitoa, ambayo hata wewe umeshaikariri. Hiyo siyo kumbukumbu tena, ni hotuba. Usiiulize kabisa. Yeye akiianzisha mwache amalize, rekodi, mshukuru, halafu muulize mambo madogo madogo. Siku uliyorudi ulishukia wapi, stesheni au stendi? Ulikuwa umevaa nini? Nani alikuwa wa kwanza kukuona? Ulikula nini usiku ule na nani alipika? Ulilala? Mtu akikumbuka alichokula anakumbuka na aliyekuwepo na asiyekuwepo, na hapo ndo filamu yako inapoanza kupumua.

Halafu kumbuka wamerudi wakati gani. Mwalimu alisema tufunge mkanda miezi 18, ile miezi 18 haikuisha mpaka leo kama unavyojua hahaha. Yaani mtu ametoka vitani mshindi anakuta foleni ya sukari, foleni ya sabuni, kanga mkewe hana. Waulize hayo. Waulize foleni. Wazee wengi wanaokaa kimya ukiwauliza bunduki, wakiulizwa sabuni ya kipande wanafunguka mpaka jioni, na katikati ya sabuni ndo anakutupia neno moja la Masaka ambalo hajawahi kulisema. Usilirukie. Likirukiwa linarudi ndani.

Na wake zao!! Bibi yako yuko hai? Maana yeye ndo alikaa na huyo mtu miaka arobaini na ushee. Anajua kama analala, kama anapiga kelele usiku, kama kuna chakula hali, kama kuna siku za mwaka anakuwa mkali bila sababu. Muulize bibi akiwa peke yake kwanza, na umwambie wazi kwamba neno asilotaka babu alisikie halitatoka.

Kiufundi sitasema mengi, wewe ni mpiga harusi unajua mwanga. Sauti ndo itakuua. Zima feni, zima friji (weka ufunguo wa baiskeli juu ya friji ili usisahau kuiwasha, watu wameozesha samaki wa watu), nunua maiki ya kubana kolani, hata ya bei rahisi, uchomeke kwenye simu. Picha mbaya kidogo watu wanavumilia, sauti ya upepo na bodaboda hakuna anayevumilia. Na rekodi dakika mbili za ukimya wa chumba kilekile kabla hujafunga vitu, siku ya kuediti utanikumbuka.

BintiMuheza

Nasoma huu uzi moyo unadunda maana baba yangu ni hao hao. Mwanajeshi kamili, alikaa Uganda mpaka majeshi yetu yalipoondoka 1981, amestaafu, tupo naye Muheza.

Kaka nikwambie kitu, alishakuja mtu na kamera nyumbani, sisemi wa wapi, akakaribishwa vizuri, mama kachinja kuku. Swali la tatu tu akamuuliza baba "mzee wewe binafsi uliua wangapi?" huku anatabasamu. Baba hakusema kitu. Akanyanyuka akaenda kulisha mbuzi, na wale watu wakakaa wakamsubiri, akawa hajarudi mpaka magharibi. Baada ya hapo wiki nzima hakulala chumbani, alilala barazani kwenye mkeka. Sa hawa waliondoka na klipu yao wala hawajui kama kuna wiki iliwafuata nyuma. Kwa hiyo ukienda kwa mzee wa watu, jiulize kesho yake nani atakuwa naye. Wewe una bahati mmoja ni babu yako, utakuwepo. Hao wengine je? Ongea na watoto wao kabla.

Mambo mengine ya kuangalia: sauti. Fataki za mwaka mpya kwetu ni balaa, geti likibamizwa ni balaa. Usipige kwa flashi usiku, usimsogelee kwa nyuma na kamera. Usimwambie "igiza ulivyokuwa umelala kwenye handaki" nakuomba kabisa. Na akinyamaza mwache anyamaze, msizibe ule ukimya na swali jingine, wapiga video mna tabia hiyo.

Kuhusu hela. Baba hapendi kulipwa ili aongee, anaona kama anauza wenzake waliozikwa kule makaburi ya mashujaa Kaboya. Ila siku yake umeichukua, hakwenda shamba, kwa hiyo nenda na kilo ya sukari, majani ya chai, mafuta, kama unavyokwenda kwa mkubwa yeyote. Na picha! Mletee picha imechapwa, kubwa, kwenye fremu. Hao waliokuja na kuku wetu hawakuleta hata nakala moja.

mpigapicha_ngamiani

Dah @BintiMuheza pole sana kwa mzee, na asante. Hilo la kesho yake nani atakuwa naye sikuwa nimeliwaza kabisa, kichwa changu kilikuwa kwenye lenzi.

@dada_editi bibi yupo, na ni muongeaji balaa, ila babu akiwepo hasemi. Ntaanza naye Alhamisi babu akienda kliniki.

mgosi_wa_handeni

Mgosi salama? Mi ntakutoa Kagera kidogo nikulete huku kwetu, maana baada ya vita siyo wanajeshi peke yao.

Umewahi kufika Chogo, wilaya ya Handeni? Kuna Wazigua wamekaa pale ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka huku huku kwetu karne ya 19, wakavushwa pwani mpaka Somalia, bonde la mto Juba, wakakaa huko vizazi na vizazi na Kizigua chao hawakukiacha. Vita vya Somalia vilipolipuka 1991 wakakimbia, wengine wakaamua kurudi walikosikia kwa bibi zao kwamba ndo kwao. Wakawekwa kambi ya Mkuyu kwanza, halafu 2003 wakahamishiwa Chogo wakapewa na maeneo ya kulima, baadaye serikali ikaanza kuwapa uraia. Sasa niambie hiyo ni "wakimbizi" au "wamerudi nyumbani"? Hata wenyewe ukiwauliza mzee atakujibu hivi na kijana aliyezaliwa hapa hapa atakujibu vile, na wote wako sawa. Filamu nzima iko hapo kwenye baraza moja, baba na mwanawe.

Nilishawahi kumbebea vitu mpiga picha mmoja aliyekuja kule kupiga. Jamaa alikuwa mzuri tu, ila alikuwa anatafuta nyuso za huzuni. Mama anacheka na mashoga zake kisimani, yeye anashusha kamera, anasubiri acheke amalize, akitulia tu kidogo "tchak". Mama mmoja akamuona akamwambia kwa Kizigua, mi ndo natafsiri, kwamba mwanangu huzuni yangu niliifikisha 91, leo nimekuja kuchota maji. Nilimtafsiria hivyo hivyo. Hakuipenda sana lakini mchana akapiga watu wanacheka, na nakwambia zile za mchana ndo zilikuwa na kitu ndani.

Kingine, watu wa kule wamechoka kamera. Miaka yote mashirika yamekuja yanapiga yanaondoka, ukitoa tu kamera mtoto anajipanga mwenyewe pozi la mfadhili. Wanachouliza kwanza ni "ile ya mwaka ule iko wapi?" Kwa hiyo alichosema dada wa Muheza kuhusu kuleta nakala, piga mstari.

wakala_wa_vibali

Nijibu la kibali maana naona wote mmelikwepa hahaha.

1) Dokumentari ya kuoneshwa hadharani ni filamu kama filamu nyingine, ni Bodi ya Filamu. Kamuone afisa utamaduni wa halmashauri hapo hapo Tanga, atakuelekeza, usisubiri mpaka umeshamaliza kupiga. Serikali ya mtaa pita pia, mjumbe ajue, wasije wakakuita mwizi.

2) Hili watu wengi hawajui mpaka likiwakuta: raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi. Kwa hiyo ile akili ya "ntachukua vijana wa mtaani niwavalishe kombati tuigize vita" IFUTE. Pia usipige kambi wala geti la kambi, hata kama babu anakuonesha kwa kidole "pale ndo tuliripoti". Droni nayo ina vibali vyake, anga na ulinzi, wewe achana nayo tu.

3) Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi. Mtu aelewe anachokiridhia: anajua inakwenda wapi? YouTube ni tofauti na kuwaonesha wajukuu sebuleni. Wazee wengine kusaini ni shida, macho hayaoni vizuri, basi rekodi ridhaa kwa sauti, ajitaje, aseme anakubali nini na hakubali nini. Na muulize tena baada ya kuiona kazi, maana wa mwanzo alikubali bila kujua atasema nini.

Ugonjwa, dawa anazotumia, hayo usiweke kabisa bila yeye kutaka.

raskazone_historia

Naongezea. Tanga hii hii ina "baada ya vita" nyingine hamjaigusa. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walileta askari kama elfu nane kutoka India wakashushwa huku Raskazone, Wajerumani wakiwa kama elfu moja tu pamoja na askari Waafrika, Waingereza wakapigwa mpaka nyuki nao wakashiriki. Makaburi ya hao Wahindi na Wazungu yapo hapa mjini yanafagiliwa mpaka leo. Sasa niambie makaburi ya wapagazi waliokufa vita ile, ambao ni wengi kuliko askari mara nyingi tu, yako wapi? Hawakupigwa picha, hawakuulizwa, wakaisha. Ndo maana nasema huyu kijana afanye haraka, aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa hivi yuko karibu na 70 au ameshapita.

Mzee_wa_Facts

Sawa hapo nakubali. Ila bado, picha za zamani atatoa wapi? Bara hatukuwa na televisheni mpaka miaka ya 90, vita yote watu waliisikiliza Radio Tanzania. Atajaza dakika 40 na uso wa babu mtupu?

dada_editi

Swali zuri hilo, umeanza kuamka.

Kwanza uso wa babu dakika 40 ukiujua kuupiga unatosha kuliko unavyodhani. Pili, picha za kale siyo lazima zikusaidie. Kampala mwaka 2015 zilipatikana negativu za picha kama elfu sabini za enzi za Amin kwenye shirika lao la utangazaji, mwaka 2019 zikaoneshwa Makumbusho ya Uganda. Ukiziangalia unaona nini? Sherehe, mikutano, wageni, rais anacheka. Waliokuwa wanauawa wakati huo huo hawamo, kwa sababu mwenye kamera alikuwa ametumwa sherehe. Kwa hiyo ukikuta hazina ya picha usiikumbatie tu, jiulize nani alimtuma aliyepiga. Hata hiyo ya babu yako ya studio kavaa kombati, nani aliilipia? Aliipiga kabla ya kwenda au baada? Kabla, inawezekana ilipigwa ili ibaki nyumbani endapo hatarudi. Hiyo picha moja peke yake ni sehemu nzima ya filamu, mpe mkononi aishike, usiseme kitu, rekodi mikono.

Tatu, kuna mpiga picha mmoja Mmarekani, Susan Meiselas, alipiga mapinduzi ya Nicaragua miaka ile ile ya Kagera, 1978 na 79. Mwaka 2004 akarudi na zile picha zake akazikuza kubwa mno akazisimamisha mahali pale pale alipozipigia, barabarani, watu wa mtaa wakawa wanapita wanasimama wanabishana, huyu ni fulani, hapana huyu alishakufa, hapa palikuwa na duka. Wewe huna za vita lakini unaweza kufanya kinyume chake: wapige wazee sasa, zikuze, zisimamishe mtaani, geti la kile kiwanda alipolinda (muombe mwenye nacho), stesheni, pale alipouzia madafu. Halafu rekodi wanaopita wanasema nini. Utashangaa nani anatokea na kumbukumbu.

Na sauti kama hakuna picha: redio yake si ipo barazani? Itumie. Usiweke muziki wa huzuni wa kinanda nakuomba, ukiweka naja Tanga kukupiga.

mpigapicha_ngamiani

Hahaha kinanda nimekifuta tayari.

Mrejesho kidogo. Alhamisi nilikaa na bibi, kamera niliiacha kwenye begi, nimewasha simu tu irekodi sauti na yeye anajua. Nilimuuliza alipika nini siku babu aliporudi. Akacheka, akasema hakupika chochote, hakumtambua! Alikuwa amekonda, ana ndevu, amesimama mlangoni anabisha hodi kama mgeni, bibi akamwambia "baba, mwenye nyumba hayupo, yuko vitani, pita siku nyingine". Naye babu akasema haya, akageuka akaondoka mpaka kwenye kona ya mtaa ndo akaitwa na jirani. Yaani miaka yote hii sijawahi kuisikia, mama hajawahi kuisikia. Bibi anasema mpaka leo hajamuuliza kwa nini hakujitaja.

Sasa hapo wadau nifanyeje? Nimuulize babu au hiyo ni ya bibi niiache?

BintiMuheza

Usimuulize wewe. Mwambie bibi kwamba imekugusa, muulize kama anataka kumuuliza mwenyewe siku moja wakiwa wote wawili na wewe upo pembeni na kamera. Akikataa basi, unayo sauti yake kama akiruhusu. Haraka ya nini.

mgosi_wa_handeni

Mgosi hiyo stori moja tu imeshinda mizinga yote. Ungana na dada hapo juu. Na ukishamaliza waonesheni wao kwanza kabla ya mtandao, weka shuka jeupe uani, wazee wakae mbele na familia zao, yeyote akisema "hapo toa" unatoa bila kubisha. Mdogo wangu yuko Mabawa anakodisha projekta na spika, bei ya kirafiki, ila LUKU ujaze mwenyewe. Nimekutumia namba inboksi.